Swali Lililofutwa

Tangu Mwanahawa aambiwe ana saratani ya titi, kila jirani alikuja na dawa yake: huyu mizizi, yule asali, na simu ikajaa habari za watu waliopona kwa siku saba. Wote walikuwa na hakika. Mumewe, Kombo, hakuwa nayo. Aliandika kwenye karatasi kila swali alilomsikia mkewe akijiuliza, kisha akamsindikiza hospitali.

Muuguzi, Sista Leokadia, aliyajibu polepole, moja baada ya jingine. Walipofikia swali la saba akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Hili silijui, mama. Nitamuuliza daktari, kesho nikupigie."

Mwanahawa akashusha pumzi. Kwa wiki tatu hakuna aliyewahi kumwambia hajui. Sasa aliyaamini hata majibu sita ya mwanzo.

"Na hili la mwisho?" Sista akauliza. "Mbona limefutwa?"

Kombo, aliyekuwa amesimama muda wote, akainamisha kichwa. "Hilo lilikuwa langu mimi."

"Liulize, mume wangu," Mwanahawa akasema, akimshika mkono.

"Akilia," Kombo akasema kwa shida, "mimi nifanyeje?"

Sista alisogeza kiti kingine karibu na Mwanahawa, akamwambia Kombo aketi.