Banda la Baridi la Bi Mwanawetu

"Siyo hivyo! Umeacha mabaka kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye!"

Bi Mwanawetu alikuwa chini, kanga kaikaza kiunoni, shingo kainyoosha. Fundi Nurdini alikuwa juu ya banda la gari, anapaka bati rangi nyeupe ili jua la Nachingwea likipiga lirudi lilikotoka.

"Kama unajua sana, panda wewe," Nurdini alijibu. "Nikiiona hiyo miguu kwenye ngazi nitacheka mpaka nidondoke."

Walikuwa watani, hao. Mmwera na Mmakonde. Kutukanana kwao hakukumshangaza mtu.

Banda lenyewe halikuwa na gari. Mumewe, Mzee Abdalah, alipofariki, pikapu yake iliuzwa, likabaki friza kubwa la kugandishia barafu za kuuza, na taa moja ya kizamani iliyowaka kutwa kwa sababu mle ndani kulikuwa giza hata mchana. Bati lilichoma kama kikaango. Friza lilihema bila kupumzika. Uniti za umeme ziliyeyuka haraka kuliko barafu.

Na uniti hizo alizinunua mwanawe, Yunusi, kwa simu, kutoka Dar es Salaam.

"Mama, natuma umeme asubuhi, jioni unasema umeisha," alilalamika mara ya mwisho. "Unasahau taa. Kesho utasahau jiko. Halafu uko peke yako. Jumamosi nakuja kukuchukua. Nyumba tutampangisha mwalimu."

"Nije Dar nifanye nini? Nihesabu magari?"

"Utapumzika, mama."

Neno hilo lilimkosesha usingizi. Kupumzika! Na mikorosho yake ya Mtua ataiachia nani? Tangu siku hiyo makalio yake hayakujua kiti. Alibandika uji, akausahau ukaungua. Alitoka kwenda sokoni, akageukia njiani. Aliamka kabla ya adhana kwenda kuichungulia mita, kama vile yumo mwizi ndani yake.

Ndipo akamwita Nurdini. Huyu alihamia kutoka Ruangwa na ngazi yake, akapanga chumba nyuma ya soko, chumba ambacho, kwa maneno yake mwenyewe, ungeweza kuoka mkate bila moto.

Kazi ikaenda mbio. Nurdini alitoboa madirisha mawili yanayotazamana, upepo ukaanza kupita. Alitoa bati moja akaweka la plastiki linalopitisha mwanga, taa ya mchana ikakosa kazi. Alisuka dari la mianzi, akaacha wazi pale penye plastiki, na juu ya mianzi akalaza magunia yaliyojaa pumba za mpunga. Friza likahamishiwa kivulini, upande wa jiko, mbali kidogo na ukuta, lipate pa kupumulia. Ile taa ya kizamani ikang'olewa, ikawekwa ndogo isiyokula umeme.

Bi Mwanawetu alimzunguka muda wote kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Feni hii ndogo, ingekuwa wewe, ungeiweka wapi?"

Nurdini alizitazama pembe zote nne. "Mimi? Pale dirishani."

"Weka. Na swichi?"

"Chini kidogo. Mkono ufike bila mtu kunyanyuka."

"Mvivu mkubwa wewe!"

Chai, Nurdini hakwenda kuinywa nyumbani. "Nyumba ya marehemu ile, mimi siingii," alisema. Bi Mwanawetu hakununa. Alibeba birika na mihogo, akamfuata bandani.

Jirani yake, Faudhia, aliyaona yote kupitia uani.

"Shoga, gari huna, feni ya nini?"

"Gari la mwanangu linatoka Dar. Likipata joto litalia."

Faudhia alicheka mpaka akashika mbavu.

Kufika Alhamisi mita ilikuwa inajivuta kama konokono. Mtu mwingine angekaa chini akashukuru. Bi Mwanawetu alifagia banda, akalifagia tena. Ijumaa, baada ya sala, imamu alipita na wazee wawili wa msikitini. Wakakaa mkekani humo bandani, wakaomba dua, wakala pilau, wakasifu upepo.

"Leo banda linafanyiwa karamu!" Faudhia alidakia.

"Punguza mdomo, lete sahani. Zangu hazijatosha."

Yunusi akaingia Jumamosi, jua la utosi. Kabla hata ya kunywa maji alikwenda kwenye mita.

"Mama! Zile uniti bado zipo?"

"Zinazaana."

Yunusi alicheka, akamkumbatia. Akalitazama banda kwa nje, jeupe, na madirisha yake mapya. "Mwalimu atafurahi sana. Haya, funga mizigo twende."

"Si umeona mita?"

"Nimeona, mama yangu. Umeme umeuweza. Lakini ukianguka bafuni usiku, nani atasikia? Sitakuacha huku peke yako. Hilo halina mjadala."

Bi Mwanawetu alifungua pindo la kanga, akalifunga, akalifungua tena. Alitazama barabarani, akatazama bandani.

Yunusi alidhani amekubali. Akaingia garini, akalirudisha nyuma taratibu mpaka mlangoni pa banda, apakie mizigo kivulini. Mlango umefungwa. Akapiga honi, mama aje afungue. Akapiga tena, ndefu.

Bi Mwanawetu alichomoka mbio, kanga mkononi, akaupiga ubavu wa gari kwa kiganja.

"Acha hiyo honi, wewe! Utamwamsha baba yako!"

Mlango ukafunguka kutoka ndani. Nurdini akasimama pale na msuli kiunoni, anapiga miayo.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Gari liache huko huko nje."