Habari za Figo

Kitendawili, wajukuu zangu: mgonjwa huigawa kila asubuhi, naye mwenyewe hana. Haya, fikirini huku nikiwasimulia.

Siku hizi mashine ndiyo daktari, na huamini kinywa cha mgonjwa tu. Mke akidakia, hasikilizwi.

Basi babu yenu Shekue alilazwa apigwe picha ya mishipa ya moyo. Picha ile hutaka dawa ya rangi iingie kwenye damu, na figo dhaifu dawa hiyo yaweza kuziua kabisa. Mashine ikamwuliza kwa adabu, "Habari za figo, mzee?"

"Nzuri," akajibu, kama anavyomjibu kila jirani.

Sindano ikaanza kushuka. Nami namwona miguu imemvimba, dalili ya figo mbovu!

"Baba Semeni, hiyo si salamu!" nikamdakia mume wangu.

"Nimeulizwa habari, mama. Niseme mbaya mbele za watu?"

"Nauliza mara ya mwisho," ikasema mashine. "Habari za figo?"

Nikamshika mkono. Hakuitazama mashine, alinitazama mimi.

"Mbaya," akasema. "Mbaya tangu Ramadhani. Na wewe kila asubuhi ukiniuliza, nakuambia nzuri."