Kikombe Kisichooshwa

Mama mmoja aliingia bila miadi kwenye chumba cha maktaba chenye skana inayonakili maumbo ya vitu, amekumbatia kikombe kilichofungwa taulo.

"Alikifinyanga marehemu binti yangu. Mjukuu anataka kukishika kila siku, kitavunjika. Nitolee nakala ashike hiyo."

"Sawa, mama."

"Ukingoni kuna chai yake ya mwisho. Usikioshe, mwanangu. Niahidi."

Nikaahidi kabla sijakitazama vizuri. Kilikuwa kinang'aa, na mashine yetu haisomi king'aacho. Kwa kawaida tunakipulizia unga mweupe, tunaskani kwa dakika kumi, kisha tunakiosha.

"Pulizia tu, atajuaje?" mtafiti mwenzangu alininong'oneza. "Zamu yako ya mashine inaisha saa sita, na nyingine ni mwezi ujao. Hiyo mifupa ya utafiti wako utaiskani lini?"

Nikashusha mapazia kupunguza mng'ao. Nikaskani pembe moja baada ya nyingine, mama akikinga mwanga kwa kadibodi.

"Mkono umekufa ganzi," alicheka, "lakini sishushi."

Saa sita mlango uligongwa. Kwenye skrini kikombe kilikuwa kimetimia, hata kibonyeo cha dole gumba la binti yake.

Nikabeba boksi langu la mifupa, halijafunguliwa, nikampisha mwenye zamu iliyofuata.