Bata Kwenye Ramani

Kidole cha bosi kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Kwenye ramani yetu ya vinamasi vya bara zima, kimoja kilikuwa na umbo la bata, na mwezi uliopita nilikuwa nimechora humo kingine cha uongo, chenye umbo la samaki, kwa utani.

“Safari hii sijachora, bosi! Rada inaona maji, picha za setilaiti zinaona maji!”

“Muongo wewe. Hata chuo hukumaliza.”

Nikampigia shangazi, anayeishi karibu na mkia wa bata, nikaweka spika.

“Shangazi, vuka barabara, ingia kwenye majani.”

Tukasikia hatua tatu, kisha chubwi!

“We mtukutu! Kiatu changu kimemezwa!”

Bosi akaondoa kidole, akaiinamia simu.

“Shikamoo, shangazi. Hebu vua na hicho kingine, uendelee mbele.”