Chungu cha Bibi Klementina na Jiko la Kioo

"Usikiburuze, mama! Kitakwaruza kioo!"

Blandina alikuwa amelikumbatia jiko lake kama anayemkinga mtoto na viboko. Mbele yake alisimama mama mkwe wake, Bibi Klementina, aliyeingia Somanda asubuhi ile kutoka Mwamapalala na chungu cha chuma, cheusi, kizito kama jiwe la kusagia.

"Nyama ya wakwe hupikwa humu," alisema bibi. "Mashangazi wote wa mumeo wameposwa kwa mchuzi wa chungu hiki. Huyu binti yako Benedikta ndiye nani apikiwe kwenye visufuria vyenu vyepesi?"

"Kioo kitapasuka, mama."

"Kipasuke! Jiko gani linaogopa chungu?"

Wanawake waliojaa jikoni wakacheka. Nusu ya mtaa ilikuwa humo, kama kawaida tangu jiko lifike. Sylvester, mume wa Blandina, alilileta kutoka Mwanza mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipomiminika na hata wavivu wakashika hela. Hakuna aliyewahi kuona jiko bapa la umeme, uso wa kioo, lisilo na moto. Blandina hakuchoka kulieleza: chungu hakiburuzwi, kitako kinafutwa kwanza, sukari isimwagike. Na likiwashwa watu watoke, maana mvuke wake unapofusha. Wakitoka, baadaye linatoka pilau la kulamba vidole. Sifa zikafika mpaka Lamadi.

Na Lamadi ndiko alikokuwa anatoka mgeni wa siku ile, Mama Novatus, mfanyabiashara wa samaki, mama wa kijana anayemposa Benedikta. Yeye naye, walisema watu, ana jiko kama hilo hilo. Ila alikuwa mama wa kuogopwa. Kule Mkula aliwahi kuvunja posa ya mwanawe mkubwa, nyama ikiwa mdomoni, alipogundua viti vya sebuleni vimeazimwa.

"Watu wa sifa za uongo sichanganyi nao damu," alisema, akapanda gari.

Benedikta alikuwa ameshaapa kwamba asipompata Novatus haolewi tena.

Honi ikalia nje. Wageni! Muda wa kubishana ukawa umekwisha. Wanawake wawili wakakinyanyua chungu, nyama na maji tele ndani, wakakitua juu ya kioo taratibu. Watu wakabana pumzi. Kioo kimya. Vigelegele!

"Umeona?" Bibi Klementina alitamba. "Mnatusumbua tu."

"Haya, tokeni wote," Blandina alisema, jasho likimtiririka. "Nawasha."

Akabaki peke yake, akasukuma mlango. Huko sebuleni alimsikia jirani yake Mektilda akimwaga sifa za jiko kwa wageni, jinsi lilivyo, jinsi linavyong'aa. Kisha ikasikika sauti nzito ya kike.

"Ngoja nikamsaidie mwenzangu. Hayo majiko nayajua mimi."

Kabla Blandina hajajua ashike lipi, mlango ukafunguka.

Mama Novatus alimkuta amepanda kigoda, chungu kimekwama katikati ya dirisha, vishikio vyake vimebana kwenye mbao. Upande wa nje, Evalina, mdogo wake Blandina, alikuwa anakivuta kwa nguvu zote kuelekea kwenye jiko la mkaa lililokuwa likiwaka uani.

Mgeni akasogea hadi kwenye jiko. Akaweka kiganja juu ya kioo. Baridi, kama sakafu ya kanisa.

Blandina akafumba macho, akamwona Benedikta akizeekea nyumbani. Akasikia mlango ukifungwa, komeo likiingia.

"Punguza maji kwanza, halafu kilaze ubavu," alinong'ona Mama Novatus, akikunja mikono ya gauni na kuingiza bega chini ya chungu. "Na fundi aliyekutobolea dirisha hili namtaka Lamadi kesho. Mimi vyungu vyangu navipitishia mlangoni, majirani wameshaanza kunishtukia."