Karanga za Mbegu

Njoo hadithi, ila mbwembwe ziache huko huko.

Mwaka wa ukame, Kuchakulo, yule kindi wa shambani, na mkewe walibaki na kikapu kimoja cha karanga za mbegu. Wakasikia shangazi yake mume yuko njiani kuwatembelea. Kuchakulo, mpenda sifa tangu utotoni, akakimbilia kikapu.

"Kaanga zote, mke wangu! Shangazi asije akasema kwangu kuna njaa."

"Kwani haipo?" mke akamuuliza. "Mvua ikinyesha utapanda nini, mkia?"

Akakikalia kikapu. Akachemsha majani ya kunde aliyoyakausha wakati wa neema, akalainisha ukoko wa jana kwa mchuzi wake, mgeni alipofika akamwandalia, kisha akarudi kukikalia kikapu. Kuchakulo akainama kwa aibu.

Shangazi alikula, akalamba sahani, kisha akaanza kulia.

"Tusamehe, shangazi," Kuchakulo akanong'ona. "Nilimwambia huyu akaange..."

"Nyamaza wewe! Mimi mbegu zangu niliwakaangia wageni zikaisha. Nimezunguka kwa ndugu zako wote nikiomba mbegu. Kila nyumba wamenikaangia karanga nikashiba, na hakuna aliyebaki na hata punje ya kunigawia."

Mke akainuka kwenye kikapu, akampimia nusu.

Mvua iliponyesha, mashamba mawili tu yalichipua. Wale ndugu wakarimu wakawa wanapita pita uani kwa Kuchakulo, wakiuliza kunapikwa nini.

Nimemaliza. Rudini mkatazame vyungu vyenu.