Chumvi ya Tetsu

Mitsue alichovya kidole katika beseni, akakionja, akatema. Maji yalikuwa makali kama ya bahari.

Asubuhi aliyaacha na chumvi kidogo tu: gramu hamsini kwa lita kumi, alizozipima mwenyewe kwenye mizani ya jikoni. Ndivyo alivyoelekezwa na muuza samaki wa mapambo. Chumvi kidogo humpumzisha samaki mgonjwa, na vipele vyeupe vilivyomtapakaa mapezini huanza kupukutika. Ikizidi, inamuua.

Na ilikuwa imezidi. Tetsu, samaki mwekundu mnene kama kiganja cha mtu mzima, alikuwa amelala ubavu, mdomo ukifunguka na kufumbika.

Alimhamishia kwenye ndoo ya maji safi, akachuchumaa hapo hapo mpaka alipomwona amejiinua na kuanza kuogelea.

"Mama," alimwita mama mkwe wake, "kuna mtu aliingia humu leo?"

"Nani aje na mvua hii?" Bi Haruno alijibu kutoka jikoni, alikokuwa akisindika matunda ya plamu kwa chumvi, kama ilivyo kawaida yake kila mwezi wa sita. "Labda umekosea kupima, mwanangu."

Tetsu alikuwa wa Isamu, mume wa Mitsue. Alimvua kwenye mchezo wa kuvua samaki wa sherehe ya kiangazi, mwaka waliooana, kwa kile kijiko cha karatasi kinachowachanikia watu wote, akarudi naye kwenye mfuko wa plastiki akijigamba njia nzima. Miaka mitatu iliyopita, Isamu, fundi wa injini kwenye meli ya kuvua jodari, aliondoka bandari ya Muroto na hakurudi. Meli haikuonekana, wala kipande chake.

Ndugu walipokuja na picha yake ili iwekwe kwenye madhabahu ya nyumbani pamoja na wafu wa ukoo, Bi Haruno aliwazuia mlangoni.

"Samaki wake yu hai," alisema mbele ya wote. "Maadamu Tetsu yu hai, mwanangu yu hai. Asiniletee mtu picha hapa."

Tangu siku hiyo Mitsue hakuwa mjane. Alikuwa mke wa mtu asiyekuwapo.

Halafu, majira ya kuchipua mwaka huu, Kubota alimsemesha habari za ndoa. Alikuwa mtengeneza tofu ya soya wa mtaa wa pili, mgane, mtu wa sauti ya chini. "Nitasubiri jibu mpaka mvua za mwezi wa sita ziishe," alimwambia. Njia nzima ya kurudi nyumbani Mitsue alikuwa akitabasamu, akajionea haya. Siku mbili tu baadaye mji mzima ulikuwa umejua. Na sasa Tetsu alikuwa ameugua.

Wifi yake, Sachie, alipokuja jioni hiyo kuwajulia hali, alimkuta akipima chumvi upya kando ya beseni, akaangua kicheko.

"Chumvi yote hiyo! Wifi, unamtibu au unamwandaa kwa chakula cha jioni?"

"Namtibu."

"Haya." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Lakini akifa huyo, sote tutajua ni nani alikuwa na haraka."

Siku ya pili, Mitsue aliporudi kutoka shuleni alikokuwa akipika, maji yalikuwa makali zaidi. Safari hii kulikuwa na matone juu ya mkeka, yamepangana kutoka kwenye beseni mpaka ukumbini, kama yaliyoachwa na mtu aliyelowa. Alihisi harufu ya mwani, au alidhani alihisi. Alipiga magoti.

"Isamu," alinong'ona. "Ni wewe? Una hasira na mimi?"

Kisha alibadilisha maji. Tetsu alichukua muda mrefu kujiinua.

Jioni, wakila, alishindwa kunyamaza.

"Mama, Isamu anaingia humu ndani."

Bi Haruno aliweka vijiti vyake chini. "Kufanya nini?"

"Kuleta ile bahari iliyomchukua. Amesikia habari za Kubota." Mitsue alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kesho nitamwambia Kubota hapana. Nitakaa hapa nimlee Tetsu mpaka nizeeke, basi. Labda ataridhika."

Bi Haruno alimsogezea bakuli lake.

"Kula," alisema. "Supu inapoa."

Kesho yake mvua ilizidi, na shule ikafungwa kabla ya saa sita mchana. Mitsue alikusudia kupitia kwa Kubota. Alifika mpaka mbele ya duka lake, akaona mvuke ukitoka dirishani, akashindwa kuingia. Moyo ulikuwa ukimvuta nyumbani. Kama Isamu huja mchana, alijiambia, basi atakuwapo sasa hivi.

Alivua viatu kimya kimya. Ukumbi ulikuwa na giza la mvua. Kutoka chumba cha Tetsu ilikuja sauti ya maji yakikorogwa taratibu, na juu yake sauti ya mtu akinong'ona, akikatika pumzi kama anayezama.

Aliusukuma mlango pembeni kwa kidole kimoja.

Bi Haruno alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, viganja vyote viwili vimejaa chumvi, machozi yakimdondoka ndani ya maji.

"Kufa, mwanangu," alikuwa akimbembeleza samaki. "Kufa basi, ili huyu mtoto wa watu apate kuishi."